Akiba ya Masika

Hotuba iliyosomwa na mweka hazina wa zamani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka, Likoni, Mombasa



Katibu amekwisha kuwasomea taarifa ya kazi za mwaka, na mweka hazina amewaeleza mapato na matumizi. Mimi sikuja kuongeza hesabu juu ya hesabu. Nimeombwa niseme maneno machache juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, na kwa kuwa twalijua sana hatulizungumzi, nalo ni kukaa na masika.

Sisi watu wa Likoni hatuna sababu ya kushangazwa na mvua. Jua linapovuka kwenda upande wa kaskazini mwezi wa Machi, ule ukanda ambapo pepo za kaskazini na pepo za kusini hukutana hulifuata, na mvua huja pamoja nao. Kaskazi hufifia, kusi huanza kuvuma, na bahari hubadilika sura. Manyunyu huanza mwishoni mwa Machi au Aprili; mvua hushika kwa nguvu mwezi wa Mei, ambao hapa Mombasa ndio aghalabu mwezi wa mvua nyingi kuliko yote; kisha hupungua kidogo kidogo mwezi wa Juni. Wazee wa pwani walihesabu siku toka Nairuzi, siku ya mwaka, kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda, na nahodha alijua wakati wa kusafiri na wakati wa kupandisha chombo pwani. Hawakuwa na nguvu ya kuizuia mvua, lakini haikuwakuta wamelala.

Wala sikusimama hapa kuitukana mvua. Ndiyo ijazayo visima vyetu, ndiyo ioteshayo mahindi na mihogo ya ndugu zetu mashambani, na mwaka inapokosa kuja twalia kuliko mwaka inapozidi. Ninalotaka kusema ni hili: mvua ya siku moja humlowesha mtu, bali mvua ya wiki sita humfilisi.

Tazameni wenyewe. Mwashi na kibarua wake hawawezi kujenga ukuta chini ya mvua. Mwenye mkokoteni hapiti njia iliyogeuka tope. Mvuvi hukaa pwani akiitazama bahari, kwa maana kusi imeichafua na ngalawa haiwezi kutoka nje ya mwamba. Mama auzaye viazi karai na mahamri barazani hukosa wanunuzi, kwa kuwa baraza haikaliki. Hata yule mwenye kazi ya mshahara mjini hufika kazini amelowa, baada ya kungoja kivuko pamoja na umati wa watu waliolowa kama yeye. Na wakati huo huo mapato yanapopungua, matumizi huzidi: makaa hupanda bei, watoto huugua, paa huvuja. Mtu hula akiba yake kwanza. Ikiisha hukopa dukani. Duka likimkatalia, huuza vyombo vya kazi. Kisha jua hurudi mwezi wa Julai na kumkuta hana msumeno wala nyavu, na kazi zipo.

Sasa, kwa idhini yenu, nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, nilipokuwa mweka hazina wenu, mwanachama mmoja alinijia nyumbani jioni moja ya mwezi wa Februari. Ni hamali, mtu asiyependa kuomba, na ada yake hakuwahi kuichelewesha. Nyumba yake ilikuwa ya boriti na udongo, imeezekwa kwa makuti yaliyokuwa yamechakaa, na upande mmoja michirizi ilikuwa ikiuchimba ukuta. Aliomba chama kimkopeshe fedha za kununua makuti na boriti chache kabla ya masika. Nikafungua kitabu cha kanuni mbele yake. Nikamwonyesha: ugonjwa upo, mazishi yapo, nauli ya kumsafirisha maiti ipo. Makuti hayapo. Akanijibu kwa adabu, "Haidhuru, Mzee. Kanuni ni kanuni." Akanywa chai yake, akaniaga, akaenda zake.

Nililala vizuri usiku ule, ndugu zangu, kwa kuwa nilikuwa nimelinda fedha zenu.

Mwezi wa Mei ukuta ule ulianguka usiku. Hakuumia mtu kwa udongo. Lakini mama yake mzazi, bibi wa makamo yaliyokwisha kupita, alikuwa akilala upande huo, akakaa hadi alfajiri katika nguo mbichi. Akashikwa na kifua, akalazwa, na baada ya siku chache akafariki. Siwezi kusema kuwa mvua ndiyo iliyomwua. Kila mwanadamu ana siku yake, na siku hiyo aijua Mwenyezi Mungu. Ninalojua ni hesabu, kwa kuwa hesabu ilikuwa kazi yangu. Tulilipa gharama za ugonjwa. Tukalipa za mazishi. Jumla ya fedha zilizotoka katika sanduku la chama ilikuwa zaidi ya mara tatu ya zile alizoomba mwanawe mwezi wa Februari, na nilizitoa bila kusita hata kidogo, kwa sababu kanuni iliniruhusu. Tulikuwa na fedha za sanda, hatukuwa na fedha za makuti.

Yule bwana yumo humu ukumbini leo, na amenipa ruhusa kulisema jambo hili. Hajanilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linalonitaabisha.

Toka siku hiyo nimekuwa nikiuliza kila fundi na kila mzee ninayekutana naye: nini chafaa kufanywa, na lini? Na majibu yao karibu yote yanaangukia katika miezi ya kiangazi, Januari na Februari, wakati ambapo sisi hatuufikirii mvua bali twalalamikia joto.

Jambo la kwanza ni paa na michirizi. Makuti yaliyooza yabadilishwe, bati lililotoboka lizibwe, na udongo wa ukutani ukandikwe upya ungali na nafasi ya kukauka. Ukuta wa udongo haufi kwa mvua ya juu kama paa lina upenu mpana. Hufa kwa maji yanayorukia chini yake. Kwa hiyo mfereji mdogo kuizunguka nyumba, na jiwe au zege kidogo pale michirizi inapoangukia, vyaweza kuiokoa nyumba nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu methali hiyo si ya mafumbo.

Jambo la pili ni mitaro ya mtaa. Mtu mmoja hawezi kuisafisha, na mtu mmoja aweza kuiziba. Taka zinazotupwa mtaroni mwezi wa Januari hazipotei. Hungoja Mei zikarudi nyumbani kwa jirani pamoja na maji ya choo.

Jambo la tatu ni maji ya kunywa. Visima vyetu vingi vimechimbwa karibu na vyoo vya shimo, na mvua ikizidi maji ya ardhini hupanda, na kilichokuwa mbalimbali hukutana. Kipindupindu na homa ya matumbo hufuata njia hiyo. Wakati wa masika maji ya kisima yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, hata kama yaonekana maangavu kama kioo.

Jambo la nne ni mbu. Yule wa malaria twamjua, na chandarua ndiyo kinga yake. Lakini Mombasa imepata pia homa ya dengi, ambayo kwa jina la kale ni kidingapopo, katika miaka ya 2013 na 2014, na mwishoni mwa 2017 hadi 2018 ikapata chikungunya. Mbu wa homa hizo huuma mchana, na huzaliwa katika maji kidogo tu, kwenye kifuu, kopo au tairi bovu uani. Toka yai hadi mbu kamili ni kiasi cha wiki moja au zaidi kidogo. Basi kila Ijumaa watoto wakizunguka ua na kumwaga kila maji yaliyotuama, watakuwa wamefanya kazi kubwa.

Jambo la tano ni chakula na moto. Mahindi yaliyowekwa na unyevu huota kuvu yenye sumu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo katika sehemu za Ukambani. Mahindi yakauke kabisa, yawekwe juu ya kichanja, yasigusane na ukuta. Na jiko la makaa, jamani! Usiku wa baridi na mvua mtu huliingiza chumbani ili watoto wapate joto na nguo zikauke, akafunga mlango na dirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na aliyelala hana namna ya kujua. Jiko likae nje au upenuni, na likiingizwa ndani limekwisha kuzimika kabisa.

Zaidi ya hayo yote, tutembeleane. Katika masika mlango hufungwa, na mzee anayeishi peke yake aweza kukaa siku tatu bila kuonwa na mtu. Bakuli la uji lililovushwa upande wa pili wa njia ni sehemu ya kazi ya chama hiki, ingawa halimo katika vitabu vyake.

Labda mwanachama mmoja atasema, mambo haya tumeishi nayo miaka yote, kwa nini leo? Namjibu kwamba mvua siku hizi haitunzi ahadi kama zamani, na hata zamani ilikuwa na miaka yake. Mwishoni mwa mwaka 1961 ilinyesha kupita kiasi, hata maji ya Ziwa Viktoria yakapanda zaidi ya mita 2 ilipofika 1964. Mwaka 1997 mvua kubwa ya El Niño ilianza mwezi wa Oktoba, wakati wa vuli, nasi wa Mombasa hatukuwa tumeingoja masika mengine. Novemba 2023 mitaa yetu ikajaa maji tena katika vuli. Halafu yakaja masika ya 2024: tarehe 29 Aprili maji na matope yaliwaua makumi ya watu Mai Mahiu usiku wakiwa wamelala, na shule za nchi nzima zilizokuwa zifunguliwe siku hiyo hazikufunguliwa hadi tarehe 13 Mei. Wataalamu wa hali ya hewa watuambia kwamba kwa kadiri dunia inavyozidi kupata joto, hewa hubeba maji mengi zaidi, na mvua kubwa huzidi kuwa kubwa. Mwenye paa bovu hana nafasi ya kungoja mpaka ajue mwaka huu utakuwa wa namna gani.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ufikirie jambo moja. Sehemu moja katika kumi ya ada zetu za mwaka iwekwe mbali, iitwe Akiba ya Masika. Mwezi wa Januari kamati ipokee maombi ya wenye nyumba mbovu, iende ikazione kwa macho, na ikopeshe makuti, bati, boriti au saruji, wala si fedha taslimu. Mkopo ulipwe kidogo kidogo toka Julai, kazi zinaporudi. Kwa wale wanaopanga, kamati ifuatane nao kwa mwenye nyumba, kwa maana sauti ya chama husikika kuliko sauti ya mpangaji mmoja anayeogopa kuhamishwa. Na Jumamosi zote za mwezi wa Machi ziwe siku za mitaro, kila mwenye nguvu aje na jembe lake.

Najua neno litakalosemwa kupinga, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikilisema: mazishi hayangoji, na sanduku lisije likakutwa tupu. Neno hilo si la kudharauliwa. Chama hiki kilianza kwa kuzikana, na heshima ya kumzika mwenzetu vizuri tusiipoteze. Ndiyo maana sikuomba nusu wala robo. Naomba moja katika kumi, na hiyo irudi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini chama kinachomjua mwanachama wake siku ya jeneza tu kimechelewa kumjua.

Husemwa, acha mvua inyeshe tujue panapovuja. Ndugu zangu, imekwisha kunyesha mara nyingi, na panapovuja twapajua. Kilichobaki ni kupanda juu kuziba kabla haijarudi.

Namwomba Mwenyezi Mungu atujalie mvua ya kheri, na atukute tumejiweka tayari kuipokea.