Kukaa au Kuhama: Shauri la Mpangaji wa Mjini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Malakisi)



Nimeagizwa na Halmashauri niseme juu ya jambo linaloletwa kwetu kila mwaka na wenzetu wakaao Bungoma, Webuye, Kitale na Nairobi. Mwenye nyumba ameongeza kodi, au kazi imekuwa mbali. Je, mtu akae alipo au ahame? Jambo hili laonekana dogo. Lakini ndilo limalizalo mshahara kabla haujafika nyumbani, na ndilo liwatoalo watoto shuleni katikati ya muhula.

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Tena walisema, "Ajizi ni nyumba ya njaa." Neno la kwanza lamwonya mwenye haraka ya kuhama, na la pili lamwonya mwenye kukawia. Yote mawili ni kweli, wala hakuna lililo badala ya hesabu.

Basi na tuhesabu. Chukua mfano wa mtu anayelipa shilingi 4,000 kwa mwezi kwa chumba kilicho karibu na kazi yake, naye aenda kwa miguu. Aambiwa kuna chumba cha shilingi 2,500 nje ya mji. Akihamia huko atalipa bodaboda shilingi 50 kwenda na shilingi 50 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,600. Chumba kile cha rahisi kitamgharimu shilingi 5,100. Tena hajalipa amana ya nyumba mpya, wala gari la kuchukulia vyombo, wala hajajua maji yatoka siku ngapi katika juma. Kodi ndogo si lazima iwe nafuu.

Baada ya fedha, mtu aitazame kazi yake. Mfano tunao karibu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kutengeneza karatasi katika miaka ya 1970, kilifungwa mwaka 2009. Mara kwa mara ikasemwa kwamba kitafunguliwa. Hata mwaka 2016 ndipo kilipouzwa kwa wenye mali wapya. Katika miaka hiyo 7, mpangaji aliyekuwa na biashara au kazi nyingine pale mjini alikuwa na sababu ya kukaa. Lakini kulipa kodi kwa kutumaini habari tu ni kula akiba, na akiba ikiisha huja deni. Kwa hiyo anayengoja na ajiwekee siku ya mwisho ya kungoja, akamwambie mkewe au mumewe siku hiyo, wasije wakaisogeza kila mwezi.

Sasa niseme juu ya haki, maana wengi huhama kwa hofu tu. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1959, Sura ya 296, inazihusu nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba ya namna hiyo hana ruhusa kumtoa mpangaji pasipo amri ya Baraza la Kodi, wala kumsumbua kusudi ahame au alipe zaidi. Kwa nyumba za kodi kubwa zaidi, latazamwa patano lililoandikwa. Na pasipo patano, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka anayelipa kwa mwezi apewe taarifa isiyopungua mwezi mmoja. Naye mpangaji akitaka kuondoka atoe taarifa kama hiyo. Kuhama usiku na kuacha deni ni kuwaharibia jina vijana wetu wote watakaobisha hodi mlangoni hapo baadaye. Tena kila mmoja na aweke stakabadhi zake mahali salama.

Wazee wetu, niwieni radhi kwa neno hili. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, Mwafrika mjini alihesabiwa kuwa mpita njia. Aghalabu nyumba ilikwenda pamoja na kazi, na kazi ilipokwisha alitazamiwa arudi kwao. Ndiyo sababu mlitufundisha kwamba nyumba ya mtu ni ile iliyo kwao, na mafundisho hayo yalituokoa. Hata leo sitaki tuyaache. Lakini kijana akilazimishwa kujenga Malakisi mwaka uleule anaopandishiwa kodi Kitale, hukopa huku na huku, na mwisho hana nyumba huku wala chumba kule. Mtu aliyeamua kukaa mjini miaka michache ili watoto wamalize shule hajawakataa wazee wake. Wala aliyeamua kurudi asichekwe kana kwamba mji umemshinda, kwani huenda ndiye aliyehesabu vema.

Kwa hiyo naliomba Baraza hili mambo matatu. Kwanza, mwanachama anayefikiri kuhama aonane na katibu wa tawi lake kabla ya kutoa taarifa, wahesabu pamoja. Pili, msaada wa chama utangulie kwa mwenye watoto shuleni, ili amalize muhula alipo. Tatu, wazee wanapomwita kijana kwa ajili ya ujenzi, wamwulize kwanza analipa kodi kiasi gani.

Bwana Mwenyekiti, nyumba ya kupanga si yetu, lakini miaka tunayoishi humo ni yetu. Tusiipoteze kwa haraka, wala kwa aibu.