Utamu Wenye Kipimo



Katika siku hii ya furaha tumeombwa tuseme juu ya kisukari. Tumekubali, kwa kuwa ugonjwa huu umekwisha keti nasi mezani. Sisi wenye asili ya Bara Hindi hupatwa nao mapema zaidi, hata kwa mwili usio mnene. Wala jirani yetu mkulima hakusalimika nao.

Wafanyabiashara twajua kwamba duka lisilo na daftari hufilisika pasipo mwenyewe kutambua. Mwili nao wahitaji daftari. Sukari ipimwe, iandikwe, na daftari lipelekwe kwa daktari. Kwa watu wazima wengi, kipimo cha asubuhi kabla ya kula hutakiwa kiwe kati ya milimoli 4 na 7 kwa lita.

Chakula cha nyumbani si adui. Ndizi za kupika, ugali, wali na chapati vyote hugeuka sukari mwilini. Basi tupunguze fungu lake, tuongeze maharage na mboga za majani. Chai inywewe bila sukari, na baada ya mlo tutembee.

Lakini sukari kushuka nako ni hatari. Atumiaye insulini au baadhi ya vidonge, akifunga Ekadashi bila ushauri wa daktari, aweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Vivyo hivyo dereva aliyeruka mlo njiani kati ya Lusahunga na Rusumo. Ikishuka chini ya 4, anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Asiyefunga kwa sababu ya dawa asinyooshewe kidole, kwani kuutunza mwili nako ni ibada. Na katika sinia la prasad, kando ya ladu na penda, pawekwe karanga na vipande vichache vya papai, ili mwenye kisukari apokee baraka bila hofu. Naye akisema yatosha, tusimlazimishe.

Tuombeane afya, tukutane tena mwakani bila pengo. Om Shanti.