Yowe la Kutoa Watu

Mhadhara wa umma uliotolewa Kharumwa, Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita

 

Mtoto aliyekulia Usukumani huujua mwano, yowe la kuita msaada, kabla hajajua kusoma. Sauti inapanda usiku, kali, inakatika na kupanda tena. Ng'ombe wameibwa, au nyumba imevamiwa, na kila mwenye nguvu anatoka na fimbo yake. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanavijiji, ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Shinyanga na Tabora, wazee hawakuhangaika kutafuta king'ora. Waliuchukua mwano uliokuwapo, wakauongezea filimbi, zamu na faini kwa asiyeitika. Kanuni yake ni fupi kiasi kwamba haihitaji kuandikwa: ukisikia yowe, kimbilia linakotoka.

Sijaja kuibeza kanuni hiyo. Imelinda mifugo na maisha ya watu. Nimekuja kuzungumzia adui mmoja ambaye kanuni hiyo humletea mawindo hadi mlangoni. Adui huyo ni moto, pamoja na ndugu yake moshi.

Tuanze na Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Morogoro. Watu wakalikimbilia, wengine na madumu, wengine kwa kutaka kuona, wengine kwa kutaka kusaidia. Petroli ikashika moto, na waliofariki walizidi 100. Taifa lilizungumza sana juu ya madumu. Lilizungumza kidogo juu ya swali ambalo mimi naliona kubwa zaidi: katika kundi kama lile, ni nani mwenye kazi ya kuwarudisha wenzake nyuma, na ni lini wenzake walizoezwa kumsikiliza?

Huku kwetu mfano wa karibu uko chini ya ardhi. Duara, yaani shimo la wachimbaji, limejaa maji. Vijana wanashusha pampu ya petroli, wanaiwasha humo humo. Injini inatoa moshi wenye kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyeshuka kuangalia pampu analegea. Mwenzake wa juu anaona kamba haitikiswi, anapiga yowe, anashuka kumfuata. Wa tatu anamfuata wa pili. Kila mmoja wao ni mtu mwema, na wema wao ndio unaoongeza majeneza. Wachimbaji mlioko humu mnajua kwamba sijasimulia hadithi.

Basi hoja yangu ni hii, na nitairudia kabla sijaketi. Yowe tulilorithi ni la kuita watu waje. Mahali pa kazi panahitaji yowe la pili, la kutoa watu, pamoja na mtu aliyefundishwa kulipiga na watu waliozoea kulitii. Mtu huyo katika sheria na kanuni za nchi nyingi ana jina na majukumu. Mimi nitamwita msimamizi wa moto.

Wengi wakisikia jina hilo hufikiria mwanamume shupavu mwenye mtungi mwekundu mkononi. Mtungi ni sehemu ndogo ya kazi. Ule wa unga wa kilo 6, unaoning'inia katika maduka na ofisi zetu, humaliza kilichomo kabla nusu dakika haijaisha. Ni silaha ya kuzima moto wa ukubwa wa ndoo ya takataka, na masharti yake hayabadiliki: mlango uwe nyuma yako, moto uwe mbele yako, na wenzako wawe wameshaanza kutoka. Vuta pini, elekeza mdomo wa bomba kwenye kitako cha moto, bana kishikio, kisha fagia kushoto na kulia. Moto usipokufa, toka na ufunge mlango nyuma yako. Ufunge, lakini usipige kufuli.

Msimamizi afundishwe pia kwamba mioto haifanani. Marobota ya pamba huficha moto ndani kwa ndani. Unaweza kumwaga maji juu, ukaenda kulala, ukakuta yamewaka tena. Dizeli na petroli ukizimwagia maji, mafuta huelea na kuutembeza moto hadi kwa jirani. Sufuria ya mafuta ya chipsi ni mbaya zaidi. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla, na mvuke huo hutanuka takriban mara 1,700 ya ujazo wa maji, hivyo mafuta yanayowaka yanarushwa hadi darini. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, iache ilipo. Kwenye umeme, kata swichi kuu kwanza.

Lakini kinachoua wengi kwenye moto ni moshi. Chumba chenye magodoro ya sponji na mapazia kinaweza kuwaka chote kwa pamoja ndani ya dakika tatu hadi tano. Kabla ya hapo moshi umeshajaa kuanzia darini kushuka, na aliyesimama wima amepumua sumu. Hewa inayobaki iko karibu na sakafu. Ndiyo maana tunawafundisha watu kuinama, hata kutambaa, mkono ukigusa ukuta.

Pigeni hesabu ya dakika hizo. Simu kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, lazima ipigwe, na ipigwe mapema. Ila hata kama gari lingekuwa limeegeshwa mwisho wa mtaa huu, dereva angehitaji kuliwasha, kuliondoa na kupita katikati ya watu wa soko. Dakika za mwanzo ni za walioko ndani. Kikosi kinachofika kwanza kwenye moto wowote wa Kharumwa ni wafanyakazi wa hapo hapo.

Tumelipa ada kubwa kujifunza hili, kwa roho za watoto waliokufa katika mioto ya mabweni ya shule. Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994: zaidi ya wasichana 40. Idodi, Iringa, Agosti 2009: wasichana 12. Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020: watoto 10. Kwa majirani zetu Kenya, shule ya Kyanguli huko Machakos, Machi 2001: wavulana 67, katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na nondo. Mfungaji wa mlango wa bweni hufunga kwa nia njema, kuwalinda watoto. Mwenye duka anayeweka nondo bila kuacha dirisha moja la kufunguka kutoka ndani analinda mali. Huko New York, tarehe 25 Machi 1911, wafanyakazi 146 wa kiwanda cha Triangle, wengi wao wasichana wahamiaji, walikufa, na mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa. Kufunga milango ilikuwa njia ya kuzuia wizi na utoro. Kufuli linalomzuia mwizi kuingia halijui kumtofautisha na mtoto anayetoka.

Sasa niwaambie nilikojifunza mimi. Miaka iliyopita niliombwa kuendesha zoezi la tahadhari katika kinu kimoja cha pamba, nitakiacha bila jina. Tuliwateua wasimamizi kwa vyeo: meneja, mhasibu, msimamizi wa zamu. Tukawapa vizibao vya rangi ya machungwa. Siku ya zoezi tukagonga kengele.

Wafanyakazi wakaikimbilia kengele. Walikuja na ndoo, na makoleo, mmoja na panga. Walikuwa wameitika yowe kama walivyolelewa kuitika. Mhasibu akarudi ndani kufuata funguo za kasha la fedha. Meneja aliposimama chini ya mwembe ahesabu watu, daftari la mahudhurio lilikuwa ofisini, yaani ndani ya jengo ambalo kwa siku ile tulisema linaungua. Zikapita zaidi ya dakika kumi watu wakibishana kama mmoja hayupo au hakuja kazini. Baadaye tulimkuta. Alikuwa amelala juu ya lundo la mbegu za pamba.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimewafundisha aina za moto, rangi za mitungi na michoro ya njia. Sikuwa nimewaambia jambo la kwanza kabisa, kwamba yowe hili linaelekeza upande wa pili.

Tulirudi baada ya miezi michache, tukaanza na wazee wa zamu, kwa Kisukuma na Kiswahili, tukizungumzia mwano. Wenyewe wakapendekeza ishara tofauti: filimbi ndefu, na neno moja, "Mwembeni!" Halafu tukauliza nani awe msimamizi wa upande wa mbegu. Mtu mmoja akamtaja mama aliyekuwa akiwapikia uji. Nikauliza kwa nini yeye. Wakanijibu kwamba yule mama anajua nani hajala.

Zoezi la pili, mama yule alisimama mwembeni na kuita majina kutoka kichwani, akihesabu kwa sahani. Alimjua aliyehamia zamu ya usiku, aliyekwenda msibani, na mwenye desturi ya kujilaza juu ya mbegu. Kabla sijakamilisha hesabu yangu ya karatasi, yake ilikuwa imekwisha. Tangu siku ile sichagui wasimamizi kwa vyeo. Namtafuta anayewajua watu na anayesikilizwa bila kuogopwa, kisha mafunzo ya mtungi namfundisha mimi.

Hesabu ile ndiyo kazi kuu kuliko zote. Isimwache hata aliye chini ya ardhi, kwani anaweza kuwa bado hai: mwaka 2015 huko Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Kila mwokoaji anayefika kwenye duara au kwenye jengo huuliza swali lile lile: nani yumo, na yumo sehemu gani? Jibu likiwa "hakuna", asiingie mtu. Jibu likiwa "wawili, chumba cha nyuma", anajua pa kuelekea. Jibu likiwa "hatujui", anahatarisha roho yake kutafuta mtu ambaye pengine yuko nyumbani anakunywa chai. Kwa hiyo wenye maduara, daftari la walioshuka likae juu, mbali na shimo, na aliyepanda afutwe siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ambalo msimamizi hufundishwa ni kutumia sauti. Watu wengi wakisikia king'ora hawatimki, hutazamana. Kila mmoja anasubiri mwenzake aanze, asije akaonekana mwoga. Tarehe 28 Mei 1977, katika ukumbi wa starehe wa Beverly Hills huko Kentucky, Marekani, moto uliwaka wakati mamia ya watu wakitazama burudani. Kijana wa miaka 18 aliyekuwa akiondoa vyombo mezani, Walter Bailey, alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akawaonyesha wageni milango na kuwaambia watoke. Watu 165 walikufa katika moto ule, lakini wengi waliotoka ukumbini walitoka kwa sababu ya sauti ya kijana huyo. Hakuwa na cheo. Sauti ya msimamizi iwe fupi na itaje mahali: "Tokeni! Mlango wa nyuma! Mwembeni!" Asiseme "kuna tatizo kidogo". Asimwombe mtu radhi kwa kumkatiza mteja.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kuwakinga wafanyakazi dhidi ya moto, na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ndio wasimamizi wake. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipatia Jeshi mamlaka ya kukagua majengo. Lakini mkaguzi huja na kuondoka. Cheti kinabaki ukutani, na chini yake magunia yanarudi kuziba mlango. Anayekuwapo asubuhi ya kila siku, anayeweza kusema "ondoa gunia hilo" kabla mtu hajajikwaa, ni msimamizi aliyetokana na wafanyakazi wenyewe.

Ombi langu kwa Kharumwa ni dogo. Sungusungu tayari wana orodha za kaya, filimbi, zamu, na heshima ya watu. Wenye vinu, makarasha, mitambo ya elusheni ya dhahabu, nyumba za kulala wageni na shule wakae nao pamoja na askari wa zimamoto, wakubaliane ishara moja ya kutoa watu, isiyofanana na mwano. Kila mahali pa kazi pachague mwembe wake. Zoezi lifanyike angalau mara mbili kwa mwaka, mojawapo usiku, kwa kuwa moto hauheshimu saa za kazi. Na faini ile ya kutokuitika yowe ipate mwenzake: faini ya kurudi ndani kufuata funguo.

Nimeahidi kuirudia hoja yangu, lakini afadhali tuitende. Ukumbi huu una milango miwili. Ninyi nyote mmeingia kwa ule wa mbele, na mwanadamu hupenda kutokea alikoingilia, hata kama huko ndiko kwenye moshi. Asubuhi nilipofika, wa nyuma ulikuwa na kufuli. Nilimtafuta mwenye ufunguo. Alikuwa amekwenda sokoni. Tulimngoja, na wakati tukimngoja nilitazama saa. Dakika tulizomngoja zilizidi zile tano nilizowatajia.

Sasa mlango uko wazi, na huko nje kuna mti. Walioketi mistari ya nyuma watangulie. Nitapiga filimbi mara moja, ndefu. Tafadhali acheni mikoba yenu mlipo.