Swali Moja Latosha



Nimeombwa nieleze masomo niliyoyarudia ukubwani, nikiwa bado mtumishi wa serikali. Ninapanga utafiti wa shahada ya pili juu ya lugha za kuulizia kanzidata, yaani lugha ambazo kwazo twaiuliza kompyuta habari zilizowekwa ndani yake.

Asili yake ni hii. Mwaka 1970 Edgar Codd wa kampuni ya IBM alipendekeza kwamba habari zipangwe katika majedwali. Mwaka 1974 wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ambayo leo inaitwa SQL. Nia yao ilikuwa kwamba hata asiye fundi wa kompyuta aseme anachotaka, nayo kompyuta itafute njia ya kukipata.

Sasa naungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliagizwa kutoa orodha ya watumishi ambao kituo chao si makao makuu, ili walipwe malimbikizo yao. Niliandika swali, orodha ikatoka, nikaitia sahihi. Mzee mmoja, dereva, alikuja mara tatu na karatasi zake mkononi. Kila mara nilimjibu, "Mzee, kompyuta haina jina lako." Kumbe jina lilikuwamo. Kilichokosekana ni kituo: nafasi yake iliachwa tupu. Katika SQL, nafasi tupu ni jambo lisilojulikana. Ukiuliza ni nani si wa makao makuu, asiyejulikana kituo chake hahesabiwi kuwa ndiye wala kuwa siye, naye huachwa nje kimya kimya. Mzee alilipwa, lakini baada ya miezi minane.

Kwa uchungu huo nilikwenda chuoni na mpango mkubwa: kutunga lugha mpya ya kuulizia, kwa Kiswahili. Msimamizi wangu aliusoma, akaniuliza, "Utajuaje kama umefaulu?" Sikuwa na jibu. Nikapunguza na kupunguza, hata likabaki swali moja: je, makosa ya karani yatapungua endapo kompyuta itamwambia ni watu wangapi wameachwa kwa sababu ya nafasi tupu?

Hapo kazi ikawa ya kupimika. Makarani 40 watagawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote watapewa maswali yale yale na majedwali yale yale, yenye majina ya kubuni. Kundi moja litapata onyo, la pili halitapata. Kisha nitahesabu makosa. Kabla ya hapo nitafanya jaribio dogo na watu watano, nione kama maswali yangu yenyewe yanaeleweka. Onyo lisiposaidia nitaandika hivyo hivyo, maana hilo nalo ni jibu.

Ndugu zangu, mnamkumbuka mwalimu wetu wa darasa akiita majina asubuhi? Akikuta nafasi isiyo na alama, hakulifunga daftari mpaka aulize, "Huyu yuko wapi?" Ningalilishika somo hilo, yule mzee asingalikuja mara tatu.