Msaidizi wa Kwanza Ni Wewe Mama

Huenda mmeitazama Station 19, tamthilia ya Marekani iliyotokana na Grey's Anatomy. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2024 ilisimulia mapenzi, ugomvi na kazi za wazima moto wa mji wa Seattle. Mle, king'ora kikilia, msaada hufika mara moja. Kwetu gari laweza kuchelewa, na ngozi ya mtoto haingoji.

Mtoto akimwagikiwa na chai moto, mwondoe hapo upesi. Mvue nguo iliyolowa. Iliyogandia ngozi iache. Mmwagie maji safi ya baridi, si ya barafu, pale alipoungua kwa dakika 20. Sehemu nyingine za mwili zifunike, asishikwe na baridi. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Malengelenge usiyapasue. Funika kidonda kwa kitambaa safi, kisha mpeleke kituo cha afya. Akiungua usoni au sehemu kubwa ya mwili, piga 999 au 112 huku ukiendelea kumpoza.

Kumbukeni, kinga ni bora kuliko tiba: sufuria na thermosi ziwe mbali na mikono ya watoto. Kwaherini.