Uyoga wa porini ni chakula kizuri, lakini usiache dawa kwa ajili yake

Mazungumzo ya afisa wa afya ya umma kwa wakazi wa Mji wa Kale, Mombasa



Mvua za masika zikishika, uyoga wa porini huchipuka kule bara, hasa kwenye vichuguu. Kisiwa chetu hakina msitu, kwa hiyo sisi huuona ukiwa umeshachumwa. Wengine huuziwa uyoga na maneno juu yake: kwamba unaua bakteria, basi unatibu homa ya matumbo na vidonda. Leo tutenganishe ukweli na maneno.

Kwanza, ni chakula kizuri. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Ukikaushwa, ule wa vichuguuni huwa na protini ya kulinganishwa na maharagwe, pamoja na vitamini za kundi B, potasiamu na nyuzinyuzi. Mafuta yake ni machache. Ukianikwa juani hujitengenezea vitamini D. Mwenye presha au kisukari anaweza kuula, mradi asizidishe chumvi na tui.

Pili, habari ya bakteria ina msingi. Watafiti wa Afrika Mashariki, akiwemo Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamechunguza uyoga wa porini unaoliwa. Katika maabara mbalimbali imeonekana kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka aina fulani za uyoga huzuia baadhi ya bakteria kukua.

Lakini maabara si tumbo la mtu. Mwaka 1928, Alexander Fleming aliona mjini London kwamba kuvu ilikuwa ikiua bakteria kwenye sahani yake. Ilichukua zaidi ya miaka 10 ya kuisafisha dawa ile, kuipima na kujua kipimo chake ndipo penisilini ikaanza kuponya watu. Uyoga ulioko sufuriani haujapita njia hiyo. Hakuna ajuaye bakuli moja lina dawa kiasi gani, wala kama inafika kwenye damu. Homa ya matumbo ikicheleweshewa matibabu inaweza kutoboa utumbo. Basi mgonjwa apelekwe kituo cha afya, apimwe, amalize dawa alizoandikiwa. Uyoga ale kama kitoweo.

Tatu, na hili ndilo zito: uyoga wenye sumu hufanana na unaoliwa. Tusidanganyike na mambo haya:

- Kwamba ukiliwa na wadudu au wanyama, basi ni salama kwa binadamu.
- Kwamba kitunguu saumu au kijiko cha fedha kikibadilika rangi ndipo una sumu.
- Kwamba kuchemsha au kukausha huondoa sumu. Sumu ile kali inayoharibu ini haiondolewi na moto.

Sumu hiyo hukawia. Kutapika na kuharisha huanza baada ya saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa huonekana kama amepata nafuu, kumbe ini linaharibika. Nafuu hiyo isitufanye tubaki nyumbani.

Kwa hiyo, nunua kwa mtu unayemjua, na umuulize ameuchuma wapi na kama yeye na watoto wake huula. Usichume uyoga unaoota uani au kwenye majani ya bustani. Ukiwa na shaka, uache. Ule unaolimwa unapatikana. Upike hadi uive vizuri, na usiulaze bila friji katika joto letu hili.

Mtu akiugua baada ya kula uyoga, mpelekeni hospitali mara moja, na mchukue mabaki, mabichi au yaliyopikwa, daktari ayaone. Waliokula naye waende pia, hata kama hawajahisi lolote.

Kinga ni bora kuliko tiba.