Sikio la Chombo Halilali



Hakuna mkazi wa Ukerewe anayehitaji kukumbushwa tarehe 20 Septemba 2018, siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara na kuchukua maisha ya watu zaidi ya 200. Wala haijasahaulika tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikielekea Mwanza. Kila msiba ulikuwa na sababu zake. Somo lililobaki ni moja: majini, mwokoaji wa kwanza ni yule aliye karibu. Naye aliye karibu hawezi kuuitikia wito asiousikia.

Kwa sababu hiyo, taratibu za kimataifa za mawasiliano ya majini zimeitenga chaneli 16 ya redio ya VHF, yenye masafa ya megahezi 156.8, kwa wito wa dharura, usalama na kuitana. Chombo kikiwa safarini, chaneli hiyo husikilizwa muda wote. Si baraza la mazungumzo: manahodha wakishaitana na kuitikiana, huhamia chaneli nyingine. Bei ya dagaa haina nafasi pale.

Simu ya mkononi haiwezi kuwa badala ya redio. Simu humfikia mtu mmoja, tena penye mtandao. Wito wa redio husikiwa na kila chombo kilichomo ndani ya upeo wake, mradi kinasikiliza.

Aliyekumbwa na hatari hutamka “Mayday” mara tatu, kisha hutaja jina la chombo, mahali kilipo, aina ya hatari, msaada unaohitajika na idadi ya watu waliomo. Anayesikia hunyamazisha mazungumzo mengine, huandika alichosikia, na pasipopatikana wa kujibu, hujibu yeye na kuufikisha wito mbele.

Wapo wanaopunguza sauti ya redio ili muziki wa abiria usikike, au kuizima ili kuhifadhi betri. Nahodha wa namna hiyo huenda akafika bandarini salama, asijue kamwe kwamba nyuma yake aliita mtu akakosa jibu. Leo kwake, kesho kwako.

Basi, kabla ya kung'oa nanga, kila nahodha na akague betri, antena na sauti ya redio, kisha amteue baharia wa kuisikiliza hadi gatini.